Kumpiga picha mtu mwenye utata: mbele ya pazia, mahali pake, au kumfuata kazini?

Mtu anayewagawa watu hapigwi picha kama bwana harusi. Nusu ya watakaoiona picha yake wameshamlaani, nusu nyingine wameshamtetea, na kila upande utaichungulia ili upate ushahidi wa kile unachokiamini tayari. Ndiyo maana mpiga picha wa Tanga aliyepewa kazi ya kupiga picha za rangi nyeusi na nyeupe za diwani wa zamani anayesifiwa kwa barabara na kulaumiwa kwa viwanja, au za mhubiri anayejaza uwanja huku wazee wa mtaa wakimnung'unikia, hukwama kabla hajatoa kamera mkobani. Amkalishe mbele ya pazia? Ampige pale anapoishi na kufanya kazi? Au amfuate siku nzima bila kumwambia asimame wapi? Njia zote tatu zimetumiwa na wapiga picha wakubwa, na kila moja ina upande wake wa udhaifu ambao ni vizuri kuujua kabla ya kukubaliana na mhusika.

Kuhusu kuacha rangi, nina sababu moja inayotuhusu sisi hasa. Katika siasa zetu shati huongea kabla ya mdomo: kijani na njano, nyekundu na buluu, zambarau. Mtazamaji akiiona rangi hiyo ameshamaliza kuisoma picha. Ukiiondoa, shati la kijani na shati jekundu lenye kina kilekile cha rangi hugeuka kijivu kinachokaribiana sana, na mtazamaji hulazimika kwenda kwenye macho, mikono na mkao wa mabega. Hata hivyo, pale ambapo sare yenyewe ndiyo habari, kwa mfano mtu aliyehama chama jana, kuficha rangi ni kuficha jambo lenyewe, na picha ya rangi ndiyo ya haki zaidi.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano. La kwanza ni usukani, yaani nani anaamua mhusika aonekane vipi: yeye mwenyewe, mpiga picha, au tukio. La pili ni mwanga, kwa kuwa picha isiyo na rangi haina kingine cha kuegemea. La tatu ni muda na gharama. La nne, ambalo nalipa uzito kuliko yote, ni haki, nayo ina pande mbili: haki ya mhusika ya kutofanywa shetani kwa ujanja wa taa, na haki ya waliomlalamikia ya kutoona malalamiko yao yakifunikwa na picha ya kupendeza. La tano ni jinsi picha itakavyosomwa ikitengana na maelezo yake, kwa sababu kwenye simu za watu picha husambaa bila maandishi yaliyoandamana nayo.

Njia ya kwanza: kumkalisha mbele ya pazia

Usukani. Hapa mhusika anajua anapigwa picha, ameoga, amenyoa, na amechagua uso wa kuuonyesha. Mtu wa hadhara ana uso huo tayari, na wengi wao wameufanyia mazoezi kwa miaka. Kazi ya mpiga picha ni kusubiri hadi uso huo uchoke, au kuuvunja. Yousuf Karsh aliuvunja tarehe 30 Desemba 1941 mjini Ottawa, alipomwondolea Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, sigara kubwa mdomoni bila kutarajiwa na kubonyeza kamera papo hapo. Ulimwengu uliusoma uso ule kuwa ni uso wa Uingereza isiyomwogopa Hitler, hali ya kuwa chanzo chake cha karibu kilikuwa sigara iliyonyakuliwa. Picha ile ni kubwa, na sisemi vinginevyo, lakini inafundisha kwamba uso ulio mbele ya pazia hujibu jambo lililotokea chumbani dakika ileile, si lazima historia nzima ya mtu.

Pwani yetu ina mfano wa upande mwingine. Picha ya Tippu Tip inayosambaa zaidi ni ya mzee mwenye ndevu nyeupe aliyetulia mbele ya kamera. Ni picha ya heshima. Ndani yake hakuna pembe za ndovu wala msafara, na wala hakuna hata mmoja kati ya watu waliotekwa na kuuzwa katika biashara iliyomtajirisha kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905. Pazia humpa mtu utulivu, na utulivu huo hufunika matendo.

Mwanga. Hii ndiyo njia inayokupa mamlaka makubwa zaidi juu ya mwanga, na kwa Tanga huhitaji studio ya taa. Baraza la nyumba ya zamani ya Ngamiani, lenye paa linalozuia jua la juu na uwazi unaoingiza mwanga kutoka barabarani, linatosha kabisa ukitundika shuka safi ukutani. Jambo la kuangalia ni kanzu. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kinachokiona kinapaswa kuwa kijivu cha katikati. Kikiona kanzu nyeupe na shuka nyeupe hupunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi unatoka kama mkaa usio na macho. Sogea karibu, pima shavuni, halafu rudi nyuma upige kwa kipimo hicho. Kanzu ikipotea kidogo upande wa jua, iache ipotee, kwa sababu picha ni ya uso.

Muda na gharama. Ni njia ya haraka na nafuu. Mwezi Septemba 2009 mpiga picha Platon aliweka pazia lake dogo ndani ya jengo la Umoja wa Mataifa, New York, akawapiga picha viongozi waliokuwa wakienda na kutoka kuhutubia, Muammar Gaddafi na Robert Mugabe wakiwemo, na wengi hawakumpa zaidi ya dakika chache. Mheshimiwa mwenye ratiba iliyojaa atakubali jambo hili kabla hajakubali lolote lingine.

Haki. Nguvu kubwa ya pazia ni usawa. Mwaka 1976, kabla ya uchaguzi wa Marekani, Richard Avedon alichapisha katika jarida la Rolling Stone picha 69 za watu wenye madaraka na ushawishi, zote za rangi nyeusi na nyeupe, zote mbele ya ukuta mweupe mtupu. Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, mwanasiasa Ronald Reagan na kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, Cesar Chavez, walipewa ukuta uleule. Kissinger alimwomba Avedon amhurumie, na ombi hilo linaonyesha kwamba hata mtu mzito huhisi jinsi pazia linavyomvua silaha zake. Ukimpiga diwani kwa njia hii, wapige pia waliopoteza viwanja kwa shuka ileile, kiti kilekile, na kamera ikiwa kwenye usawa uleule wa macho. Hapo ndipo njia hii inapopata uzito wake, maana mtazamaji anaachwa na nyuso mbili zilizopewa heshima sawa.

Ikitengana na maelezo. Husafiri vizuri mno, na hilo ndilo tatizo. Uso usio na mahali wala tarehe ni rahisi kuubandika popote, na mwaka wa uchaguzi unaweza kuukuta umekuwa bango la kampeni. Andika kwenye makubaliano kwamba picha haitumiki kwa kampeni bila idhini yako.

Inamfaa mpiga picha mwenye muda mfupi na mradi wa nyuso nyingi. Haimfai anayetaka kuonyesha mtu huyu amefanya nini.

Njia ya pili: kumpiga mahali pake

Usukani. Hapa usukani una mikono miwili. Mhusika anachagua chumba, nawe unachagua kipi kibaki ndani ya fremu. Ukutani kuna picha ya kiongozi wa nchi, kuna cheti cha semina kilichowekewa kioo, kuna picha ya Makka au ya Moyo Mtakatifu, kuna kalenda ya benki. Kila kimoja kinamweleza mtu huyu, na kila unachokikata nje ya fremu ni uamuzi wako.

Mfano mkali kuliko yote ninaoujua ni wa mwaka 1963, pale Arnold Newman alipompiga picha Alfried Krupp, tajiri wa viwanda wa Ujerumani, ndani ya kiwanda chake mjini Essen. Krupp alikuwa amehukumiwa Nuremberg mwaka 1948 kwa kutumia watu kwa nguvu katika viwanda vyake na kwa uporaji, kifungo cha miaka 12, na akaachiwa mwaka 1951. Newman, aliyekuwa Myahudi, aliweka taa pande zote mbili za uso wake, akamwomba ainame mbele kidogo, na kiwanda kikabaki nyuma kama jehanamu. Picha ile ni ya rangi, lakini somo lake linatuhusu: mahali pakiungana na taa hutoa hukumu, na Newman hakuficha kwamba alikusudia kuitoa. Wapo wanaosema Krupp alistahili. Nami naona kwamba aliyehukumiwa mahakamani kwa ushahidi na anayelaumiwa kwa maneno ya barazani si watu wa kuwekewa taa moja.

Mwanga. Ni mgumu kuliko wa pazia. Nyumba nyingi za zamani za Tanga zina kuta nene na madirisha yenye vibao, hivyo ndani kuna giza na mstari mmoja wa mwanga mkali. Weka kamera kwenye tripodi, mweke mhusika akielekea dirishani kwa upande, na umwombe mtu ashike shuka nyeupe upande wa pili ili kivuli kisiufunge uso. Flashi ya moja kwa moja iepuke: kwa joto letu paji la uso huwa na jasho, na flashi hugeuza jasho kuwa baka la weupe. Usiiweke taa chini ya kidevu, hata kwa majaribio, kwa sababu hakuna binadamu anayeonekana mwema akimulikwa kutoka chini.

Muda na gharama. Panga mara mbili: mara ya kwanza bila kamera, kwa salamu, kahawa na kuangalia dirisha lipi linapata mwanga saa ngapi, mara ya pili kwa kazi. Anayeingia nyumbani kwa mzee na kuanza kusogeza viti kabla shikamoo yake haijaitikiwa atapata picha ya mtu aliyefunga mlango wa ndani.

Haki. Mchukue yule diwani. Ukimpiga sebuleni kwake, katikati ya makochi na wajukuu, unasema ni baba wa watu. Ukimpiga kwenye kiwanja kinachogombaniwa, amesimama juu ya msingi wa nyumba iliyobomolewa, unasema ndiye aliyebomoa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na yote mawili yanaweza kuwa hila. Ninachopendekeza ni kwamba mhusika achague mahali pamoja, mpiga picha achague pengine, mhusika ajulishwe sababu, na picha zote mbili zichapishwe zikiwa na ukubwa sawa. Akikataa mahali pako, hilo nalo liandikwe katika maelezo kwa lugha ya utulivu.

Ikitengana na maelezo. Hustahimili kuliko ya pazia, kwa sababu mahali penyewe ni maelezo. Miaka 40 baadaye mtu ataiona simu ya mezani, aina ya feni na bango la dukani, naye atajua ni zama gani.

Inamfaa mwenye subira, anayefahamiana na mji, na anayeandaa makala ndefu au maonyesho ya kumbukumbu. Haimfai aliyekatazwa kuingia popote isipokuwa ofisi iliyopangwa na msaidizi wa mheshimiwa.

Njia ya tatu: kumfuata kazini

Usukani. Unashikwa na tukio. Mhusika anapanda jukwaani Tangamano, anapita soko la Mgandini akishikana mikono, anapigiwa simu inayombadilisha uso. Wewe huombi kitu. Watu wengi huamini kwamba kwa sababu hiyo njia hii haisemi uongo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mwezi Septemba 1933, mjini Geneva, Alfred Eisenstaedt alimpiga picha Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, katika mkutano wa Shirikisho la Mataifa. Ipo picha ambayo Goebbels anatabasamu. Ipo na nyingine, ambayo ndiyo tunayoikumbuka: ameketi kwenye kiti cha bustani, vidole vimeshika mikono ya kiti, macho yamemlenga mpiga picha kwa chuki isiyojificha, na husimuliwa kwamba alikuwa ameshatambua kuwa Eisenstaedt ni Myahudi. Mtu ni yuleyule na mkutano ni uleule. Picha zote mbili zilitokea kweli, na iliyobaki katika historia ilibaki kwa kuchaguliwa. Kwa Goebbels historia imethibitisha kwamba uchaguzi ule ulikuwa sahihi, lakini mhusika wako wa Tanga bado yu hai, na mambo yake hayajakwisha.

Haki. Kwa sababu hiyo nakitanguliza kigezo hiki. Anayehutubia kwa nusu saa atafumba macho, atapinda mdomo na kutoa ulimi mara nyingi, na kamera inaweza kukamata kila mojawapo. Ukitafuta fremu ya kumfanya aonekane mwendawazimu utaipata. Ukitafuta ya mtakatifu, nayo ipo. Kipimo ninachokitumia ni kumwonyesha fremu mtu aliyekuwepo, tena wa upande usio wangu, na kumwuliza kama ndivyo mambo yalivyokuwa. Usiisahau na haki ya wapita njia. Mama muuza samaki aliyeshikwa mkono na mheshimiwa kwa sekunde moja anaweza kuonekana mfuasi wake kwa miaka mingi, na watoto waliosogea kuangalia kamera hawakukubali kuwa mashahidi wa siasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu mpiga picha pia, kwa kuwa sura inayomtambulisha mtu ni taarifa yake.

Mwanga. Huuchagui. Saa sita mchana jua la Tanga liko karibu juu ya kichwa, na macho hugeuka mashimo mawili meusi. Mtu aliyevaa pama hupotea hadi puani. Tafuta pembe ambako ardhi ya mchanga au ukuta mweupe unarudisha mwanga usoni. Lenzi ya milimita 35 inakuruhusu kuwa karibu na kubakiza umati ndani ya fremu; ya milimita 85 inamtenga mtu na umati wake, na kwa mhusika wa namna hii umati ni sehemu ya habari.

Muda na gharama. Ni njia inayokula muda kuliko zote, kwa sababu wiki za mwanzo mhusika bado anaigiza mbele yako. Kuna nauli, kuna kusubiri, na kuna siku zinazokwisha bila fremu hata moja.

Ikitengana na maelezo. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Mkono ulioinuliwa unaweza kuwa salamu, tishio au kufukuza nzi. Tarehe, mahali na kilichokuwa kikiendelea viandikwe ndani ya faili lenyewe, siyo chini ya picha tu.

Inamfaa anayefanya kazi na chombo cha habari chenye mhariri makini wa picha, au anayetunza kumbukumbu ya muda mrefu.

Filamu au dijitali?

Swali hili huulizwa sana, nami nalipa nafasi ndogo kwa kuwa halibadilishi yaliyotangulia. HP5 Plus ya Ilford na Tri-X ya Kodak, zote filamu za ISO 400 (kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga), zina chembechembe nzuri na negativu inayoweza kutolewa kama ushahidi kwamba hakuna kilichochezewa. Lakini lazima ziagizwe, zitunzwe mbali na joto na unyevu, na kusafishwa kwa dawa ambayo kipimo chake cha kawaida ni nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba ya Tanga yana joto zaidi na huhitaji barafu. Filamu inakwenda vizuri na pazia na mahali pa mtu. Kwa kumfuata mtu usiku na mchana, dijitali ina unafuu mkubwa.

Dijitali ina hatari ya peke yake. Programu ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe humruhusu mtu kuongeza au kupunguza mwangaza wa rangi ya chungwa pekee, na ngozi nzima ikang'aa au ikawa nzito bila vitu vya rangi nyingine kuguswa. Mwezi Juni 1994 jarida la Time lililaumiwa vikali kwa kuchapisha jaladani picha ya polisi ya O. J. Simpson, mwanamichezo mweusi wa Marekani aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji, iliyotiwa giza, wakati Newsweek la wiki hiyo lilikuwa na picha ileile bila giza hilo, na wasomaji waliyaona mawili hayo yakiwa yamepangwa bega kwa bega. Tunza faili ghafi lenye rangi zake zote, na weka kipimo kimoja cha ngozi kwa mhusika na kwa wanaomlaumu.

Uchague ipi kwa hali yako

Ukiwa umepewa dakika 10 na msaidizi anayeangalia saa, chukua pazia na usijaribu mengine. Beba shuka, tafuta baraza, pima shavuni, na piga fremu chache ukiwa umenyamaza, kwa sababu ukimya humchosha mtu uso wake wa hadhara haraka kuliko maswali.

Ukiwa unaandaa makala kuhusu mgogoro wenyewe, kwa mfano wa viwanja au shamba la mkonge, mahali ndipo pazungumze: kwake na kwenye eneo linalogombaniwa, pamoja na picha za wanaolalamika zilizopigwa kwa uangalifu uleule. Kesi ikiwa bado mahakamani, acha kabisa taa za kuigiza na utumie mwanga wa dirisha peke yake.

Ukiwa na miezi, na mhusika amekubali kwa maandishi kwamba hatachagua picha, mfuate. Kama anataka kuziona na kuzikata kabla hazijatoka, njia ya tatu imepoteza maana yake; rudi kwenye pazia, ambako angalau kila mtazamaji anajua kwamba mtu huyu alijua anapigwa picha.

Ukiwa unampenda au unamchukia sana mhusika, na ni vigumu kukosa hisia kwa mtu wa mji mmoja nawe, chagua pazia, na fremu za mwisho mpe mhariri asiye wa Tanga azichague.

Na kama umekabidhiwa kazi na familia yake au na chama chake, yote matatu yanawezekana, ila hiyo ni kazi ya kulipwa ya kumpamba mtu, nayo ni halali. Iandikwe hivyo katika maelezo ya picha, pamoja na jina la aliyelipa.